Chenji ya shilingi 1,000 ina njia ngapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mchana nauza katika duka la rejareja na jioni najifunza kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya Python. Juzi mteja alileta noti ya Sh 1,000 akitaka sarafu tupu, nami nikajiuliza: nikiwa na sarafu za kutosha za Sh 50, 100, 200 na 500, kuna njia ngapi za kumpatia chenji hiyo? Niliandika programu yenye jedwali, kwa kanuni niliyofundishwa kwamba njia za kufikia kiasi chochote ni jumla ya njia za kufikia kiasi kinachobaki baada ya kutoa kila aina ya sarafu. Jibu lililotoka ni 48,007. Nikashtuka, nikajaribu Sh 300 tu, programu ikasema 18, ilhali nikizipanga sarafu juu ya kaunta napata njia 6 na si zaidi. Nimeikagua programu mstari kwa mstari bila kuona kosa. Liko wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya jambo la busara sana kurudi kwenye Sh 300 na kuzipanga sarafu kwa mkono, kwa sababu hapo ndipo kosa linapojionyesha. Hesabu ya programu yako ni sahihi kabisa; ila imejibu swali jingine, lisilo lako. Tuzitazame zile njia zako 6. Unaweza kutoa 200 na 100. Au 200 na 50 mbili. Au 100 tatu. Au 100 mbili na 50 mbili. Au 100 moja na 50 nne. Au 50 sita. Sasa fikiria kwamba hutoi sarafu hizo kwa mkupuo mmoja, bali unazitumbukiza moja moja katika kibubu, na mtu amesimama kando anaandika ipi ilitangulia na ipi ikafuata. Njia ya kwanza ina mifuatano 2, ya pili 3, ya tatu 1, ya nne 6, ya tano 5 na ya sita 1. Jumlisha: 2 na 3 na 1 na 6 na 5 na 1 ni 18. Hiyo ndiyo 18 ya programu yako. Imehesabu mifuatano ya kibubu, nawe unauliza habari za chenji, na mteja anayepokea 200 na 100 kiganjani hajali ipi ilitangulia.

Kwa hiyo kabla ya kuandika mstari wowote wa programu ya kuhesabu, inabidi kwanza kuamua ni mambo gani mawili tutayaita kitu kimoja. Nasisitiza hatua hii kwa sababu wanafunzi wengi huikimbilia kanuni ya jedwali kabla ya kulikata shauri hilo, kisha hutafuta kosa katika alama za nukta na mabano, mahali ambapo halipo.

Marekebisho yenyewe ni madogo kuliko unavyodhani. Bila shaka programu yako ina mizunguko miwili, mmoja ndani ya mwingine: wa nje unapita katika viwango vya fedha, kuanzia Sh 50 hadi 1,000, na wa ndani unajaribu sarafu zote nne katika kila kiwango. Ibadilishe nafasi. Mzunguko wa nje uwe wa sarafu, na wa ndani uwe wa viwango vya fedha. Kanuni ya kujumlisha inabaki ile ile, na kisanduku cha Sh 0 kinabaki na namba 1, kwa kuwa kuna njia moja ya kutoa sifuri, nayo ni kutotoa chochote. (Wapo wanaoandika 0 katika kisanduku hicho, na jedwali lote hujaa sifuri, maana hakuna pa kuanzia.)

Fuatilia namba zinavyokua. Ikiwa sarafu ya 50 peke yake ndiyo iliyo kwenye droo, kila kiwango kina njia 1. Leta sarafu ya 100, upite jedwali lote kuanzia chini kwenda juu, ukiongeza katika kila kisanduku namba iliyo katika kisanduku cha Sh 100 pungufu: Sh 100 inakuwa na njia 2, Sh 200 njia 3, Sh 300 njia 4, na ukifika Sh 1,000 unakuta njia 11. Leta sarafu ya 200 na upite tena: Sh 200 inapanda kuwa 4, Sh 300 inakuwa 6 kama ulivyoona kwenye kaunta, Sh 400 inakuwa 9, Sh 500 inakuwa 12, Sh 600 inakuwa 16, Sh 800 inakuwa 25, na Sh 1,000 inachukua zile 11 zake na kuziongeza 25 za Sh 800, jumla 36. Mwisho ilete sarafu ya 500. Sh 500 inapata njia moja zaidi na kuwa 13, na Sh 1,000 inapata 36 kujumlisha 13, yaani 49.

Ukitaka kuhakiki bila kompyuta, zigawe njia hizo kwa idadi ya sarafu za 500 zilizomo. Zisizo na 500 hata moja ni 36. Zenye 500 moja huacha Sh 500 nyingine ya kujazwa kwa sarafu ndogo, na tumeona njia zake ni 12. Yenye 500 mbili ni moja tu. 36 na 12 na 1 ni 49. Jibu la swali lako ndilo hilo.

Kwa nini kubadilisha mizunguko kumeleta tofauti kubwa kiasi hiki? Ni kwa sababu mzunguko wa nje ukiwa wa sarafu, kila sarafu inaitwa zamu yake mara moja, na zamu ikipita hairudi. Sarafu ya 100 ikishaingia, ya 50 imekwisha kazi yake. Kwa hiyo kila fungu la sarafu linahesabiwa katika mpangilio mmoja tu, 50 zote kwanza, kisha 100, kisha 200, kisha 500, na mipangilio mingine ya fungu lile lile haipati nafasi ya kuingia. Mzunguko wa nje ukiwa wa viwango vya fedha, kila kisanduku kinauliza, "Sarafu ya mwisho ilikuwa ipi?", na sarafu yoyote inaweza kuwa ya mwisho, hapo mfuatano unahesabiwa, utake usitake.

Liko jambo jingine ambalo hukuuliza, lakini litakukuta kesho. Katika zamu ya kila sarafu nimesema upite kuanzia viwango vidogo kwenda vikubwa. Mwelekeo huo ndio unaoruhusu sarafu ya aina moja kutumika tena na tena, kwa kuwa kisanduku unachokitazama nyuma yako kimeshaihesabu sarafu hiyo hiyo. Siku utakapokuwa na sarafu moja moja tu za kila aina, pita kinyume, kuanzia kiwango kikubwa ukishuka, na kila sarafu itatumika mara moja au isitumike kabisa.

Njia hii ya kujaza jedwali, ambapo jibu kubwa linajengwa juu ya majibu madogo yaliyokwisha kuandikwa, ndiyo inayoitwa upangaji dainamiki. Jina hilo lilitolewa na mwanahisabati wa Marekani, Richard Bellman, katika miaka ya 1950 alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya RAND huko California, na neno la Kiingereza alilolitumia, "programming", ambalo leo tunalihusisha na kuandika programu za kompyuta, wakati ule lilimaanisha kupanga mipango na ratiba. Ndiyo maana napendelea kuliita upangaji.

Faida yake huonekana ukiilinganisha na njia ya moja kwa moja, yaani kipande cha programu kinachojiita chenyewe, kikitoa sarafu moja na kujiuliza upya kuhusu kiasi kilichobaki. Katika swali la kibubu, kipande hicho huongeza 1 kila kinapofika sifuri, kwa hiyo kupata 48,007 hakina budi kufika sifuri mara 48,007. Jedwali lina visanduku 20 vya kujaza, na kila kimoja kinahitaji kutazama nyuma mara nne tu kwa wingi. Kwa Sh 5,000 mifuatano ya kibubu inafika namba yenye tarakimu 25. Kompyuta inayofika sifuri mara bilioni moja kwa sekunde ingehitaji zaidi ya miaka milioni 60 kuimaliza, ilhali jedwali lingehitaji kujumlisha mara zisizozidi 400. Nawe ukitaka njia za chenji, si za kibubu, za Sh 5,000 hiyo hiyo kwa sarafu zako nne, programu uliyoirekebisha itakupa 2,691. Itumie namba hiyo kuijaribu.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nikifundisha utenzi huwaonyesha wanafunzi kwamba kila mshororo una mizani 8, nao huhesabu kwa vidole. Mwanafunzi mmoja aliniuliza mizani hizo 8 zinaweza kugawanyika katika maneno kwa namna ngapi, nikakosa jibu. Tuchukue maneno yenye mizani 1 hadi 4. Pia ningependa kujua jibu litakuwa lipi tukiweka sharti kwamba maneno mawili ya mizani moja, kama "na", "ya" au "si", yasifuatane, na mshororo usiishie kwa neno la namna hiyo. (Mwalimu, Lamu)

JIBU: Mwalimu, swali la mwanafunzi wako limenifurahisha, na limekuja wakati mzuri, kwa sababu ni pacha wa swali la kibubu hapo juu. Chukua mshororo "Leo tukumbuke jambo". Una neno la mizani 2, la mizani 4, kisha la mizani 2. Geuza uwe "Tukumbuke jambo leo": maneno ni yale yale, mizani ni 8 vilevile, lakini mgawanyo sasa ni 4, 2, 2, na sikio linausikia tofauti. Katika ushairi mfuatano una maana, kwa hiyo hapa kanuni iliyomponza ndugu yetu wa Morogoro ndiyo inayotakiwa.

Jiulize neno la mwisho lina mizani mingapi. Likiwa na 1, yaliyotangulia yamejaza mizani 7. Likiwa na 2, yamejaza 6. Likiwa na 3, yamejaza 5. Likiwa na 4, yamejaza 4. Hakuna mgawanyo unaoanguka katika mafungu mawili kati ya haya, wala unaobaki nje, kwa hiyo jibu la mizani 8 ni jumla ya majibu ya 7, 6, 5 na 4. Tukianza na 1 kwa mizani sifuri, jedwali linakwenda hivi: mizani 1 ina namna 1, mizani 2 ina namna 2, mizani 3 ina 4, mizani 4 ina 8, mizani 5 ina 15, mizani 6 ina 29, mizani 7 ina 56, na mizani 8 ina 56 kujumlisha 29 kujumlisha 15 kujumlisha 8, yaani 108. Wanafunzi wanaweza kuijaza safu hiyo ubaoni kwa dakika chache.

Sharti lako linahitaji uangalifu zaidi, nalo ndilo lililonivutia. Kisanduku chenye namba moja tu hakitoshi tena, kwa sababu ukiwa umejaza mizani 5 na unataka kuongeza "na", huwezi kujua kama unaruhusiwa mpaka ujue neno lililotangulia lilikuwa fupi au la. Lazima jedwali likumbuke jambo hilo. Basi lipe safu mbili: ya kwanza ihesabu migawanyo inayoishia kwa neno la mizani 1, ya pili ihesabu inayoishia kwa neno la mizani 2, 3 au 4. Neno la mizani 1 linaruhusiwa kukaa juu ya safu ya pili tu. Neno refu zaidi linakaa popote, juu ya safu zote mbili. Mwanzo wa mshororo, ambapo hakuna neno bado, tunauweka katika safu ya pili, kwa kuwa neno fupi linaweza kuanza.

Kuanzia mizani 1 hadi 8, safu ya kwanza inasomeka 1, 0, 1, 2, 3, 5, 9, 16, na ya pili inasomeka 0, 1, 2, 3, 5, 9, 16, 27. Simama kidogo kwenye mizani 4, uzitazame zote: 4 peke yake; 3 na 1; 1 na 3; 2 na 2; 1 na 2 na 1. Ni tano, nazo ndizo 2 za safu ya kwanza na 3 za safu ya pili. Angalia pia kwamba safu ya kwanza ni safu ya pili iliyosogezwa hatua moja, jambo ambalo halikutokea kwa bahati, kwani kila mgawanyo unaoishia kwa neno fupi umepatikana kwa kulipachika neno hilo juu ya mgawanyo mmoja wa safu ya pili.

Kwa mizani 8, basi, kukataza maneno mafupi yasifuatane kunaacha 16 na 27, jumla 43, kutoka zile 108. Ukikataza pia mshororo kuishia kwa neno fupi, unaitupa safu ya kwanza na kubaki na 27. Ningependekeza uwape wanafunzi kazi ya kutafuta mfano wa kila mmoja wa migawanyo hiyo 27 katika tenzi wanazozisoma, maana baadhi watazikuta kila ukurasa na nyingine watazitafuta sana.

Ukumbuke, Mwalimu, kwamba tumehesabu vielelezo vya mshororo, hatujahesabu mishororo yenyewe. Ukiwa na orodha ya maneno, tuseme maneno 30 ya mizani 2, basi kila unapotazama nyuma kwa mizani 2 unazidisha kwa 30 kabla ya kujumlisha, na vivyo hivyo kwa urefu mwingine. Jedwali ni lile lile.

Na mwambie mwanafunzi wako kwamba swali lake lina ukoo wa zamani. Wataalamu wa ushairi wa Kisanskriti huko India waliuliza ni kwa namna ngapi silabi fupi zenye kipimo 1 na ndefu zenye kipimo 2 zinaweza kujaza mstari wa urefu fulani, na Hemachandra wa Gujarat alieleza mnamo mwaka 1150 kwamba kila jibu ni jumla ya majibu mawili yaliyolitangulia: 1, 2, 3, 5, 8, 13. Namba hizo leo hubeba jina la Fibonacci, yaani Leonardo wa Pisa, aliyeziandika katika kitabu chake cha mwaka 1202. Washairi walifika kwanza, na hilo halisemwi vya kutosha katika madarasa ya hisabati.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasoma kompyuta chuoni. Niliandika programu kwa lugha ya Java kuhesabu mifuatano ya kutumbukiza sarafu za Sh 50, 100, 200 na 500 katika kibubu, na kwangu mfuatano unahesabika. Inafanya kazi vizuri hadi Sh 3,900. Nikiweka Sh 3,950 inaandika namba hasi. Idadi inawezaje kuwa chini ya sifuri? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Ndugu mwanafunzi, idadi haiwezi kuwa chini ya sifuri; kilichojaa ni chombo ulichoiwekea. Aina ya namba nzima uliyoitumia bila shaka ni ile ya biti 64, yaani nafasi 64 za kuandikia 0 au 1, ambayo mwisho wake ni 9,223,372,036,854,775,807. Kwa Sh 3,900 mifuatano inakaribia bilioni 8 mara bilioni moja, kwa hiyo inaenea. Kila Sh 50 ikiongezeka idadi huzidishwa kwa takriban 1.76, na hivyo kwa Sh 3,950 inafika kama bilioni 14 mara bilioni moja, inavuka kikomo, na biti ya kwanza kabisa, ambayo kazi yake ni kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, inageuka. Kompyuta haitoi onyo lolote.

Umebahatika kuiona alama ya hasi. Ungeanza moja kwa moja na Sh 4,000, programu ingeandika namba chanya, kubwa, yenye sura nzuri, nayo ingekuwa ya uongo kwa zaidi ya bilioni 18 mara bilioni moja, kwa sababu namba ingekuwa imezunguka na kurudi upande wa chanya. Kwa hiyo usiitegemee alama ya hasi ikulinde. Katika Java ipo aina ya BigInteger isiyo na kikomo hicho, na katika Python namba nzima hukua zenyewe kadiri kumbukumbu ya mashine inavyoruhusu. Itakuwa polepole kidogo, lakini kwa jedwali la visanduku 100 hutaona tofauti.

Katika mashindano ya programu utakuta mara nyingi wanaomba baki tu, baada ya kugawanya idadi kwa 1,000,000,007, ambayo ni namba tasa. Hapo chukua baki mara tu unapojumlisha, katika kila kisanduku, wala usingoje mwisho, kwa kuwa ukingoja chombo kitakuwa kimekwisha kujaa njiani. Na kama kanuni yako ina kutoa, ongeza 1,000,000,007 kabla ya kuchukua baki, kwani baki mbili zikitolewa zinaweza kuleta namba hasi, na safari hiyo kosa halitakuwa la biti bali la kwako.